Ninunue ND ngapi? Mwongozo wa kuchagua filta ya ND kwa wapiga video

Swali hili hunifikia karibu kila wiki: "Kaka, nataka ND ya kupigia video, ninunue ngapi?" Mwingine hutuma picha ya filta iliyopigwa dukani, kidole cha muuzaji kikionekana pembeni, anauliza kama ni nzuri. Hakuna anayetaja lenzi aliyonayo, anapiga wapi wala saa ngapi. Ni kama kumpigia fundi cherehani simu ukamuuliza kitambaa mita ngapi, bila kusema kama unashona kaptula ya mtoto au dera la bibi.

Basi nimeandika majibu yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako kama una kamera ya kubadilisha lenzi na unapiga harusi, video za muziki au matangazo ya biashara, mchana, nje. Mifano yangu ni ya jua la pwani, kwa sababu huko ndiko ninakopigia, lakini namna ya kuhesabu haibadiliki ukiwa Mwanza, Nakuru au Bukavu.

Kwa nini uhangaike na ND

ND, kifupi cha Kiingereza cha "neutral density", ni miwani ya jua ya lenzi. Inapunguza mwanga bila kugusa rangi, au angalau ndivyo inavyotakiwa. Anayepiga picha za mnato anaweza kuishi bila hiyo: jua likizidi, anapandisha shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie) hadi 1/4000 ya sekunde, kazi imekwisha. Sisi wa video tumefungwa mikono. Shata yetu inatakiwa iwe karibu mara mbili ya idadi ya fremu. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, shata ni 1/50. Hapo mwendo unapata ule ukungu kidogo ambao jicho limeuzoea. Ukiipandisha hadi 1/2000, mpiga ngoma anaonekana kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Utasema, basi niliminye tundu la lenzi hadi f/22. Ukifanya hivyo picha inapoteza ukali, mandharinyuma uliyotaka iyeyuke inarudi yote na majani yake, na kila chembe ya vumbi iliyoketi kwenye sensa inajitokeza angani kama nukta nyeusi. (Sensa ya kamera, siyo ile ya Watu na Makazi.) ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) nayo ina sakafu yake, haishuki zaidi. Inabaki kuivalisha lenzi miwani.

Nadharia inaishia hapo. Neno moja tu la kukariri ni stopu. Kila stopu moja ya ND inakata mwanga nusu. Stopu mbili zinakuachia robo, stopu tatu thumni.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kamera yako na lenzi zako zote, hata ile ya kuazima unayoitumia mara kwa mara.
- Karatasi nyeupe ya kawaida.
- Nguo mbili au tatu nyeusi za vitambaa tofauti, mojawapo iwe ya sintetiki: suruali ya michezo, suti ya bei nafuu, hata begi.
- Kipulizio cha vumbi na kitambaa cha mikrofaiba.
- Saa moja ya jua kali, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri.

Kagua pia kama kamera yako haina ND ndani yake. Sony FX6, Canon C70 na Blackmagic Pocket 6K Pro zinazo. Hata ile ndogo ya Sony ZV-1 inayo ya stopu tatu. Nimeshakutana na kijana mwenye kamera ya namna hii aliyekuwa akifunga filta mbele ya lenzi miezi minane, na kitufe cha ND kiko pale pale karibu na kidole gumba.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma majina

Watengenezaji hawakukubaliana lugha moja, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Filta ileile inaweza kuandikwa kwa namna tatu:

- ND2 = 0.3 = stopu 1
- ND4 = 0.6 = stopu 2
- ND8 = 0.9 = stopu 3
- ND16 = 1.2 = stopu 4
- ND32 = 1.5 = stopu 5
- ND64 = 1.8 = stopu 6
- ND128 = 2.1 = stopu 7
- ND256 = 2.4 = stopu 8
- ND1000 = 3.0 = stopu 10

Angalia: ND8 siyo stopu nane. Ni stopu tatu. Na filta iliyoandikwa 0.6 siyo ND6. Hii ndiyo sababu mtu anarudi kutoka Kariakoo na ND8 mkononi, anafungua f/1.8 saa saba mchana, picha bado nyeupe kama sahani, halafu anailaumu kamera.

Hatua ya 2: Amua mambo manne ambayo hutayagusa

Yaandike kwenye karatasi, usiyabebe kichwani.

Fremu kwa sekunde. Kwetu umeme ni hezi 50, kwa hiyo mimi napiga 25 na shata 1/50. Ukiingia ukumbini kutoka nje, taa nyingi hazitakuchezea. Ukipiga 50, shata ni 1/100. Ukipiga 100 kwa mwendo wa polepole, shata ni 1/200.

Tundu la lenzi. Sema ukweli wako hapa. Ukiwa na lenzi ya f/1.8 haina maana utapiga f/1.8 kutwa. Kwa maharusi wawili wanaotembea kuelekea kwangu, sishuki chini ya f/2.8, maana mmoja atatoka kwenye fokasi na atakuwa bibi harusi. Kama lenzi yako ni ile iliyokuja na kamera, ya 18-55, ukivuta hadi mwisho inajibana yenyewe hadi f/5.6. Hesabu yako basi ni ya f/5.6.

ISO. Picha ya kawaida, weka 100. Lakini ukipiga kwa profaili ya logi (picha iliyofifishwa makusudi ili rangi zirekebishwe baadaye), sakafu inapanda: Sony A7 III kwenye S-Log3 haishuki chini ya 800, Panasonic GH5 kwenye V-Log L haishuki chini ya 400. Wanaoanza logi hulisahau hili, halafu ND iliyowatosha mwezi uliopita ghafla haitoshi. Kutoka 100 hadi 800 ni stopu tatu nzima.

La nne ni hali ya kamera. Weka M, yaani ya kurekebisha kwa mkono. Ukiiacha otomatiki, kamera itapandisha shata nyuma ya mgongo wako na hutajua mpaka ufike kwenye kompyuta.

Hatua ya 3: Toka juani uhesabu kwa vidole

Njia hii haihitaji programu wala jedwali, na ndiyo ninayomfundisha kila anayeanza.

1. Simama mahali unapopiga mara nyingi, bila filta yoyote.
2. Weka ISO yako, tundu lako na shata 1/50. Picha itakuwa imeungua kwa mwanga. Usijali.
3. Panda shata kwa kuzidisha mara mbili, ukihesabu vidole: 1/100 kidole kimoja, 1/200 viwili, 1/400 vitatu, 1/800 vinne, 1/1600 vitano, 1/3200 sita, 1/6400 saba.
4. Simama pale picha inapokuwa sawa kwenye histogramu (grafu ya mwanga) au kwenye zebra (mistari inayoonyesha palipoungua).
5. Idadi ya vidole ndiyo idadi ya stopu za ND unayohitaji.

Ukiishia 1/3200 ni stopu sita, yaani ND64. Kama kamera yako inagota 1/4000 na picha bado inaungua, minya tundu kwa stopu mbili (mathalani kutoka f/2.8 hadi f/5.6), hesabu tena, kisha ongeza mbili kwenye jibu.

Jua la mchana mweupe lisilo na wingu, ISO 100, shata 1/50, majibu huja karibu na haya:

- f/8: stopu 3
- f/5.6: stopu 4
- f/4: stopu 5
- f/2.8: stopu 6
- f/1.8: stopu 7 na kidogo

Ukiwa kwenye ISO 400 ongeza mbili, kwenye 800 ongeza tatu. Kwa hiyo mtu wa S-Log3 anayetaka f/2.8 saa saba mchana anahitaji stopu tisa. Ndiyo, tisa. Ukipiga fremu 100 kwa sekunde, shata ya 1/200 imeshakula stopu mbili, basi toa mbili.

Hatua ya 4: Rekebisha kwa mahali

Mchanga mweupe wa Paje au Diani unarudisha jua usoni: ongeza stopu moja. Wingu la kawaida lililofunika anga, toa mbili. Kivulini chini ya mwembe, toa nne hivi. Ukumbini kwenye sendofu, toa filta yote uiweke mfukoni. Usicheke, nimeona mtu akipiga keki ya harusi kwenye ISO 12800 na ND bado imefungwa kwenye lenzi.

Sasa una namba mbili: ya juu kabisa (jua la mchana) na ya chini (kivuli au jioni). Umbali kati ya namba hizo ndio utakaoamua ununue aina gani.

Hatua ya 5: Ya kuzungusha au ya namba moja?

ND ya namba moja ni kioo kimoja chenye giza lisilobadilika. ND ya kuzungusha ina vioo viwili vya polaraiza vilivyopachikwa uso kwa uso. Unazungusha cha mbele, giza linaongezeka au linapungua.

Kwa harusi nashauri ya kuzungusha, na sioni haya kusema hivyo ingawa wakongwe wataninunia. Maharusi hawakusubiri. Wanatoka kanisani au msikitini juani, wanaingia chini ya mti, wanapanda gari, wanashuka ufukweni. Jioni yenyewe ya huku karibu na ikweta haina subira: saa kumi na moja jua bado linachoma, saa moja kasoro ni giza. Hutapata muda wa kufungua na kufunga vioo.

Lakini ujue bei yake. Kwa kuwa ni polaraiza, inachagua mwanga gani ipitishe. Anga pana inaweza kuwa na buluu nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine. Kioo cha gari kinaweza kutoa madoa ya rangi za upinde wa mvua. Na kuna jambo ambalo miongozo mingi hailitaji: ngozi nyeusi inayong'aa. Ule mng'ao wa paji la uso na mashavuni ndio unaoipa sura umbo. Ukizungusha filta, kuna pembe ambapo mng'ao huo unapungua na uso unakuwa bapa, kama umepakwa masizi. Ukiona hivyo usiongeze mwanga kwanza. Badilisha mahali unaposimama ukilinganisha na jua, au tumia filta ya namba moja.

Ya namba moja inakufaa ukipiga mahojiano, matangazo ya nyumba, video ya muziki yenye mpango, yaani kazi ambayo wewe ndiye unayesema lini kamera iwake. Ni safi zaidi kwa rangi, na kwa pesa ileile unapata kioo bora. Mbili zinatosha kuanzia: ND8 na ND64. Jua la wastani tumia ND8, jua kali ND64. Ukizipanga zote mbili unapata stopu tisa, yaani yule mtu wetu wa S-Log3 ameshapata dawa yake. Kumbuka stopu zinajumlishwa (3 + 6 = 9) lakini namba za ND zinazidishwa (8 × 64 = 512).

Ukichagua ya kuzungusha, epuka zile zilizoandikwa ND2-400 au ND2-1000 kwa bei ya chakula cha mchana. Namba hiyo ya mwisho ipo kwenye boksi tu. Ukikaribia huko, msalaba mweusi unajichora katikati ya picha. Tafuta yenye mipaka ya kweli, inayogota pande zote mbili. Wanaozitengeneza vizuri huzigawa: moja ya stopu 2 hadi 5, nyingine ya 6 hadi 9. Ukitumia ISO 100 na f/4, ile ya 2 hadi 5 itakutosha siku nyingi. Ukipiga logi kwenye ISO 800, anza na ya 6 hadi 9. Umeona sasa kwa nini nilikulazimisha uhesabu vidole?

Hatua ya 6: Saizi

Tazama mbele ya lenzi au ndani ya kifuniko chake. Kuna alama ya duara lililokatwa na mstari, ikifuatwa na namba: Ø49, Ø58, Ø67, Ø77, Ø82. Hiyo ni saizi ya hesi ya filta kwa milimita. Canon 50mm f/1.8 STM ni 49. Lenzi nyingi za 24-70 f/2.8 ni 82. Usichanganye na namba ya urefu wa lenzi: lenzi ya 50mm haivai filta ya 50mm.

Usinunue filta kwa kila lenzi. Nunua moja kwa lenzi yako yenye mdomo mpana kuliko zote, kisha nunua pete za kupandishia kwa zile ndogo, mathalani 49 kwenda 77. Pete ni bei ndogo, kioo kizuri ni bei kubwa. Kama unajua mwakani utanunua lenzi ya mdomo wa 82, nunua 82 leo.

Kinyume chake usikifanye. Filta ndogo kwenye lenzi kubwa, kwa pete ya kushushia, inaziba kona za picha.

Hasara moja ya pete: kofia ya jua ya lenzi mara nyingi haitaingia tena. Mimi hutumia mkono wa kushoto au msaidizi mwenye kipande cha boksi jeusi. Haina sura nzuri, lakini jua halinipigi kwenye kioo.

Hatua ya 7: Jaribu dukani kabla hujatoa pesa

Nenda na kamera. Muuzaji anayekataa usijaribu amekwisha kukujibu. Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, utaratibu ni huohuo:

1. Piga karatasi nyeupe bila filta, kisha na filta, waiti balansi (kipimo cha kamera cha rangi nyeupe) ikiwa imefungwa pale pale na shata ikirekebishwa mwanga ulingane. Karatasi ikigeuka manjano au kijani kidogo, vumilia. Ikigeuka chai ya maziwa, rudisha.
2. Vuta lenzi hadi mwisho wake mrefu, upige maandishi ya mbali, bango la duka la pili. Filta mbaya huharibu ukali huku kwanza. Kwenye 24mm zote zinaonekana nzuri.
3. Rudi kwenye upana wa mwisho, zungusha hadi giza la mwisho, elekeza angani. Tafuta msalaba na kona nyeusi.
4. Zungusha polepole ukisikiliza. Isikwaruze, isiteleze yenyewe.
5. Ifunge na kuifungua mara tatu. Hesi inayokwama dukani itakuaibisha ufukweni.

Hatua ya 8: Jaribio la nguo nyeusi

Hili lifanye nyumbani siku ileile, risiti ikiwa bado na nguvu. Tandika nguo zako nyeusi juani, weka filta kwenye giza la stopu sita au zaidi, piga.

Sababu ni kwamba ND ya kawaida inazuia mwanga unaouona, lakini inaiachia miale ya infraredi ipite. Filta ikiwa nyepesi hutambui. Ikiwa nzito, infraredi inakuwa sehemu kubwa ya kile kinachoingia, na vitambaa vingi vya sintetiki huirudisha kwa wingi. Nyeusi inageuka.

Nililijua hili kwa aibu. Harusi Bagamoyo, jua la saa nane, nimejifungia filta nzito niliyoinunua kwa bei ya kutupa. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye kompyuta, bwana harusi na mpambe wake wamesimama bega kwa bega: mpambe suti nyeusi, bwana harusi suti ya damu ya mzee. Nilikesha siku mbili nikijaribu kuirudisha, lakini ukiivuta nyekundu kwenye suti, inatoka na mashavuni mwa watu. Mama yake alipoitazama ile video alisema tu, "Mwanangu, hii suti sisi tuliinunua nyeusi."

Kama nguo zako zimegeuka, tafuta filta iliyoandikwa IRND, yaani yenye kinga ya infraredi. Kama unaishia stopu tatu au nne, tatizo hili halitakusumbua sana. Kamera pia hutofautiana, ndiyo maana nasema ujaribu kwa kamera yako, siyo ya rafiki.

Hatua ya 9: Siku ya kazi

1. Vua filta ya UV (kile kioo cheupe cha kukinga lenzi) kwanza. Vioo viwili vinaleta kona nyeusi na mwanga unaorukaruka kati yao.
2. Puliza vumbi, kisha futa. Ufukweni usifute kabla ya kupuliza, maana chembe ya mchanga ni msasa.
3. Weka tundu, ISO na shata ulizoamua. Usiziguse tena.
4. Zungusha ND mpaka uso wa mtu uwe sawa. Uso, siyo anga.
5. Chukua waiti balansi filta ikiwa imefungwa. Ukiichukua kabla, umepima rangi ya jua na siyo rangi ya jua lililopita kwenye kioo chako.
6. Tia alama ndogo ya kalamu mahali pa giza ulipozoea kusimama. Utarudi hapo haraka.
7. Usizungushe katikati ya tukio kama huna sababu. Anga itabadilika rangi na mtazamaji ataiona.

Angalia: usiweke filta ya polaraiza juu ya ND ya kuzungusha, na usipange ND mbili za kuzungusha. Polaraiza tatu au nne zikigombana, hakuna atakayezisuluhisha.

Wenye droni na simu

Kwa ufupi. Droni nyingi ndogo tundu lake halibadiliki, kwa hiyo ND ndiyo breki yako pekee. Nunua iliyotengenezwa kwa modeli yako hasa, siyo inayofanana nayo, kwa sababu uzito ukizidi kidogo gimbali (mkono unaotuliza kamera) inalemewa. Ifunge kabla ya kuwasha. Hesabu ya vidole inafanya kazi vilevile, chini, kabla ya kupaa. Simu nayo inahitaji programu inayokuruhusu kufunga shata. Bila hiyo, ukiivalisha ND itapandisha ISO tu na umepoteza pesa.

Mambo yakienda mrama

Msalaba mweusi katikati. Umezungusha kupita uwezo wa filta, au lenzi yako ni pana mno. Rudisha nyuma stopu moja, minya tundu kidogo, au sogea nyuma na uvute lenzi.

Kona nyeusi. Fremu ya filta ni nene, au umepanga vioo. Vua UV. Kama bado, vuta lenzi milimita chache, au panda saizi kwa pete.

Picha imefifia kama imemwagiwa maziwa. Jua linapiga kioo cha filta ubavuni, au kuna alama ya kidole. Kinga kwa mkono utazame. Ikirudi sawa ni jua, isiporudi ni kidole chako.

Fokasi inawinda-winda. Umeweka giza jingi kuliko mwanga uliopo. Punguza ND. Kama ni ya namba moja, pata fokasi kwa mkono.

Rangi za klipu hazifanani. Mara nyingi waiti balansi iliachwa otomatiki, au ulitumia filta mbili za watengenezaji tofauti. Ya kwanza ifunge. Ya pili, piga karatasi nyeupe mwanzoni mwa kila klipu ili mhariri awe na pa kuanzia, hata kama mhariri ni wewe mwenyewe saa nane usiku.

Filta imekwama. Usiibane kwa nguvu. Ukiibana, fremu inakuwa yai na inazidi kukaza. Vaa glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, au zungushia rababendi pana, kisha ishike kwa wepesi pande zote na ugeuze. Kama imekwama juu ya pete, vua vyote viwili pamoja na uvitenganishe nyumbani.

Jioni picha imejaa chenga. Hujavua ND. Jua lilishuka, wewe ukawa unapandisha ISO kidogo kidogo bila kujua. Kengele ya simu yangu inalia kila siku ya kazi saa kumi na moja na nusu, na kwenye kioo pameandikwa: VUA MIWANI.